Macho Mawili Wazi Nyuma ya Darubini

Risasi tatu zilikuwa zimekaa pamoja kwenye karatasi, kiganja kimoja kingezifunika zote. Tatizo ni mahali zilipokaa: sentimita kama 12 kushoto kwa duara, umbali wa mita 10, kwa bunduki ya .375, ya wanyama wakubwa, iliyokuwa imetoka kuziro saa hiyohiyo, yaani kurekebishwa ili risasi ifike pale nukta inapolenga. Mpigaji alikuwa askari wanyamapori kijana kutoka tarafa ya Idodi. Aliposhusha bunduki, mwenzake akamwonyesha kwa kidole. Kifuniko cha lenzi ya mbele ya darubini kilikuwa bado kimefungwa.

"Afande, mbona duara nililiona? Na nukta nyekundu niliiona juu yake."

"Umevuta triga kwa pupa. Kaa pembeni."

Mkufunzi akaichukua bunduki ileile, akakiacha kifuniko kimefungwa, akafungua macho yote mawili na kupiga tatu. Zote ndani ya duara. Kijana akaomba arudie. Akarudia, zikaenda tena kushoto, palepale pa mwanzo.

Mstari ukaendelea kwa wapigaji wengine na swali la kijana likaachwa hapo.

Mimi nimeshindwa kuliacha. Kwa wiki kadhaa limekuwa likinirudia, kwa sababu kuvuta triga kwa pupa huwa kunatawanya risasi. Hakuzipangi kundi safi mahali pamoja mara mbili mfululizo. Na bunduki haina kosa, maana mtu wa pili ameipiga ileile na imemtii. Kilichobaki kati ya risasi za kijana na risasi za mkufunzi ni kitu kimoja: macho yao.

## Namna duara linavyoonekana kupitia kifuniko

Jicho la kulia la kijana liliona giza na nukta nyekundu inayowaka ndani yake. Jicho la kushoto halikuwa na kizuizi chochote, likaliona duara, karatasi na kichuguu nyuma yake. Ubongo ukazipandisha picha hizo mbili, moja juu ya nyingine, na mpigaji akaona nukta inaelea juu ya duara. Hakudanganya.

Vimewahi kutengenezwa vyombo vya kulengea vya bunduki vinavyofanya hivyo kwa makusudi, vilivyozibwa mbele tangu kiwandani. Makomandoo wa Marekani waliovamia kambi ya wafungwa ya Son Tay, Vietnam Kaskazini, usiku wa Novemba 1970, walikuwa na chombo cha aina hiyo kiitwacho Singlepoint. Ukichungulia kwa jicho moja huoni kitu zaidi ya doa la mwanga. Ukifungua yote mawili, doa linakaa juu ya adui.

Baadaye Glyn Bindon, mwanzilishi wa kampuni ya Trijicon, akalisogeza wazo hilo hatua moja mbele. Darubini yao ya ACOG, iliyotoka mwaka 1987, inakuza mara 4 na ndani yake ina alama inayowaka. Bindon aliona kwamba bunduki inapozungushwa upesi, picha iliyokuzwa inachafuka, maana mtikisiko nao umekuzwa mara 4. Ubongo hauvumilii picha iliyochafuka. Unaiacha na kushika picha safi ya jicho la kushoto, lakini alama inayowaka hauiachi kwa sababu inang'aa na haichafuki. Bunduki ikitulia, picha iliyokuzwa inasafika na ubongo unarudi kwayo. Mpigaji hafumbi jicho wala hagusi kitu. Macho yanabadilishana kazi yenyewe.

Mbinu hii ndiyo inayozunguka sasa kwenye simu za vijana wetu, katika video za wanajeshi wanaopiga shabaha za kadibodi kwenye milango. Wanauliza kama inafaa Ruaha, Rungwa au Lukwati, kwenye vichaka ambako nyati aliyejeruhiwa anakusubiri mita 15 na upepo uko upande wake.

Swali hilo linastahili jibu zaidi ya "kaa pembeni".

## Macho yakipumzika hayatazami pamoja

Mtu akitazama mti kwa macho mawili, kila jicho linaona mti uleule, na ubongo unatumia mfanano huo kuyafunga macho yote kwenye sehemu moja. Ukimnyima jicho moja ule mti, kamba hiyo inakatika. Jicho lililofunikwa linaenda kwenye mapumziko yake. Kwa watu wengine mapumziko hayo yako nje kidogo, kwa wengine ndani, kwa wachache juu au chini. Wapo ambao hayasogei kabisa. Huu si ugonjwa na mwenyewe hana habari nao, kwa sababu akiwa na macho mawili wazi maisha yake yote ubongo unarekebisha.

Wataalamu wa macho huupima mkengeuko huu kwa dayopta ya prizimu. Dayopta moja ni sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali. Hapo hesabu ya kijana wa Idodi inafunguka: sentimita 12 kwa mita 10 ni dayopta 1.2. Anapiga kwa mkono wa kulia na jicho lake la kulia linaingia ndani kidogo likifunikwa, kwa hiyo linatazama kushoto kwa duara. Anaifuata nukta hadi ikae juu ya duara kama anavyoliona yeye, na mtutu unafuata jicho, kushoto. Jicho lake lingekuwa la kutoka nje, kundi lingekaa kulia.

Kwa mita 25, mtu huyohuyo atakosa kwa sentimita 30.

Mkufunzi hakuwa mpigaji bora kuliko kijana kwa zile risasi tatu. Alikuwa na macho yasiyosogea. Inaniuma kwamba wakufunzi wa namna yake, wenye macho ya bahati, ndio wanaowaambia wengine mbinu inafanya kazi, na wanasema kwa dhati kabisa, maana kwao inafanya kazi.

Na mkengeuko haukai kiasi kilekile daima. Uchovu unausogeza, pombe ya jana usiku inausogeza. Askari aliyelala kwa muda wa saa tatu tu baada ya doria hana macho yaleyale aliyokuwa nayo uwanjani asubuhi.

## Kipimo kisichotumia risasi

Risasi za .375 ni ghali na hakuna kikosi cha kijiji kitakachozimwaga kupima macho. Haina haja. Mifuko miwili ya mchanga inatosha.

Toa risasi zote, ziweke mbali, kisha toa bolti kabisa. Laza bunduki juu ya mifuko, mmoja chini ya sehemu ya mbele ya bunduki, mwingine chini ya kitako, ikae bila kushikwa. Mita 10 mbele bandika karatasi kubwa yenye alama katikati na mistari minene kila sentimita 5, kulia, kushoto, juu na chini. Pete ya ukuzaji iwe kwenye namba ndogo kuliko zote. Washa nukta, mwanga wa wastani.

Funga kifuniko cha mbele. Kama hakuna kifuniko, kipande cha kadibodi na mpira vinatosha. Fungua macho yote mawili, tazama alama ya karatasi wala si nukta, na usogeze kitako polepole mpaka nukta ikae juu ya alama. Subiri kidogo, kwa sababu jicho lililofunikwa linachukua muda kufika kwenye mapumziko yake na nukta huwa inateleza. Ikiteleza, rekebisha. Sasa ondoa mikono.

Mwenzako afungue kifuniko bila kuitikisa bunduki. Fumba jicho la kushoto, chungulia kwa la kulia na usome nukta imekaa kwenye mstari gani.

Hiyo ndiyo tofauti yako. Igawe kwa 10 na umepata sentimita kwa kila mita.

Rudia mara tano, ukiinua kichwa na kukirudisha kila mara, kwa sababu kipimo kimoja kinaweza kukudanganya. Namba zikikaa karibukaribu, hayo ni macho yako. Zikitawanyika ovyo, kagua kwanza kama shavu linakaa sehemu moja kwenye kitako. Na kama kila mtu kikosini anapata kosa la upande uleule kwa kiasi kilekile, acha kuwashuku watu, tazama mabano ya darubini. Darubini iliyofungwa upande, kisha ikalazimishwa kuziro kwa kuzungusha skrubu mpaka karibu na mwisho, bomba lake linatazama kwingine na risasi inakwenda kwingine. Ukichungulia ndani hutaliona kosa hilo. Ukiwa umeziba mbele litakuumbua.

Kuna kosa jingine dogo ambalo halitokani na macho. Darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita 4 hivi. Bunduki ya .375 yenye risasi ya uzito wa greni 300, ikiziro mita 100, inapiga chini ya nukta kwa takriban sentimita 3 ukiwa mita 10. Hizi ni za kukumbuka tu. Zile 12 ndizo za kuhangaikia.

## Nyati haji kwa ubavu

Nilianza kuifikiria mbinu hii nikiamini ubaya wake ni huo mkengeuko peke yake. Nikadhani mtu akijua namba yake, au akiwa na bahati ya macho ya mkufunzi, basi darubini ya mara 4 inamtosha hata kichakani. Kadiri nilivyozidi kuichambua hatua kwa hatua, ndivyo nilivyoona kuna jambo kubwa zaidi.

Mbinu ya Bindon inahitaji picha iliyokuzwa ichafuke. Ili ichafuke, bunduki lazima izunguke. Ili izunguke, kinacholengwa lazima kiwe kinakatiza mbele yako, au wewe uwe unageuka kutoka kimoja kwenda kingine.

Nyati aliyejeruhiwa hakatizi. Anakuja moja kwa moja.

Mtutu hauzunguki. Umetulia, umeelekezwa kwenye kichwa kinachokua. Picha ndani ya darubini ni safi, kubwa na inasisimua, na ubongo unaishika hiyo kwa sababu ndiyo yenye nguvu. Lile jicho la kushoto lililotakiwa kukuokoa linawekwa kando. Darubini ya mara 4 huonyesha upana wa mita 10 hivi kwa umbali wa mita 100, maana yake mita 1 kwa umbali wa mita 10, na nusu mita kwa mita 5. Nyati anayekimbia kilomita 50 kwa saa anakula mita 14 kila sekunde. Unamwona kichwa na mabega, mara unamwona pua, mara unaona weusi.

Wenye darubini ya mara 3 hadi 9 waliyoisahau kwenye 9 hali yao ni mbaya zaidi. Mita 10 mbele wanaona eneo la sentimita 40 tu. Manyoya. Hawajui ni bega au ni paja.

Na ubongo wa nyati ni kama ngumi. Mpigaji mwenye dayopta 1.2, hata kama macho yangemtii na kushika picha ya kushoto, kwa mita 15 atapiga sentimita 18 pembeni. Hiyo ni nje ya ubongo kabisa.

Kwa hiyo, kwa ufuatiliaji wa mnyama hatari aliyejeruhiwa, darubini ya mara 4 isiyobadilika haina nafasi, hata mkononi mwa bingwa. Naliandika hili nikijua wapo watakaokasirika, hasa waliokwisha kutumia fedha. Tena hiyo ACOG yenyewe inayoonekana kwenye video, aina ya TA31 inataka jicho likae sentimita 4 hivi kutoka kwenye lenzi ya nyuma. Kwenye bunduki ya jeshi ya milimita 5.56 hilo halina shida. Kwenye .375 au .458, mshindo utairudisha pete ya chuma kwenye nyusi na kuipasua ngozi hadi mfupa, na risasi ya pili utaipiga ukiwa na damu machoni. Bunduki za mnyama mkubwa zinataka nafasi ya sentimita 9 au 10.

## Pale inapofaa

Nguruwe pori kwenye mashamba ya mahindi na viazi ya Mufindi na Makete ni habari nyingine. Alfajiri, ukungu haujainuka, anatoka upande mmoja wa shamba kukimbilia msituni, mita 25 au 30, kwa ubavu. Hapo bunduki inazunguka kweli. Jicho la kushoto linamshika mara moja, pamoja na mbwa, pamoja na mtu aliyesimama mwisho wa shamba. Nukta inaelekea kwake.

Kisha linatokea jambo ambalo video hazilielezi. Mkono ukishalingana na mwendo wa nguruwe, yeye anatulia ndani ya darubini. Kinachochafuka ni mahindi nyuma yake. Picha iliyokuzwa inasafika, ubongo unarudi kwenye jicho la kulia, na sasa nukta na mnyama vyote vinaonekana kwa jicho moja. Mkengeuko unatoweka palepale, maana ulikuwepo tu wakati nukta iko jicho hili na mnyama jicho lile.

Ndiyo maana wakati wa kufyatua una uzito wake. Ukifyatua bado unazungusha, unapiga na kosa lako lote la macho: sentimita 30 kwa mita 25 kwa kijana wetu, na nguruwe mdogo amepona au amevunjwa taya. Ukisubiri picha isafike, kosa halipo. Kusubiri huko ni sehemu ya sekunde, lakini lazima kufundishwe kama hatua, kama vile inavyofundishwa kuondoa sefti.

## Namba 1 na lenzi ya nyuma

Jibu la kichakani ni darubini inayoshuka hadi 1 au karibu yake: ya 1 hadi 4, 1 hadi 6, au 1.5 hadi 5 kwa wenye kubana matumizi. Kwenye 1 macho yote mawili yanaona nyati wa ukubwa uleule, ubongo unayafunga pamoja kama kawaida, na jicho la kulia halipati nafasi ya kuteleza. Kijana wa Idodi, kwa bunduki ileile, kifuniko kikiwa wazi na pete kwenye 1, hana kosa hata la sentimita moja la macho.

Ila 1 iliyoandikwa kwenye pete mara nyingi si 1 kamili. Nyingine zinakuza kidogo, na lenzi ya nyuma ikirekebishwa vibaya zinazidi. Rekebisha hivi: simama mita 20 kutoka kwenye mti mwembamba ulionyooka au nguzo ya umeme. Pete kwenye 1, macho yote wazi. Nguzo ipite ukingoni mwa darubini, nusu ndani na nusu nje. Zungusha lenzi ya nyuma polepole mpaka sehemu ya ndani na ya nje zilingane unene, huku alama ya kulengea ikibaki kali. Ukifika mahali ambapo nguzo zimelingana lakini alama imefifia, chagua ukali wa alama, kisha ujue darubini yako si 1 halisi. Bado itakufaa. Ile ya 1.5 inaleta kizunguzungu kidogo siku za mwanzo na kinakwisha kwa mazoezi.

Kosa linaloua ni pete kubaki juu. Mtu amemtazama nyati kwa 4 akiwa mbali, amepiga, mnyama ameingia matetani au kwenye kichaka cha miombo iliyochipua baada ya moto, na kikosi kinaanza kufuata damu. Pete ipo kwenye 4. Hakuna anayekumbuka.

Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kizungushe kwenye pete mara kadhaa na ukifunge fundo nene upande ambao, pete ikiwa kwenye 1, fundo linatazama juu kabisa. Kidole gumba kinalipata gizani. Kabla ya hatua ya kwanza kuelekea kichakani, gusa fundo. Kama haliko juu, lirudishe. Mwindaji bingwa mwenye dhamana ya kundi aulize kwa sauti na kila mwenye bunduki ajibu.

Na ukiwa na bunduki yenye mabano ya kufunguka kwa mkono na alama za chuma chini yake, kutoa darubini kabisa ni uamuzi wa heshima. Hakikisha tu uwanjani kwamba ukiirudisha inarudi kwenye ziro yake.

## Traka yuko kushoto

Mpaka hapa nimeandika kama vile sababu ya kufungua macho mawili ni kulenga haraka. Kwa nyika zetu sidhani kama hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Traka anatangulia, macho chini, anasoma damu na majani yaliyovunjika. Mwenye bunduki yuko nyuma yake hatua chache, mara nyingi traka akiwa kushoto ili mtutu wa mpigaji wa mkono wa kulia uwe huru. Nyati akitokea, traka anaruka pembeni, au anachuchumaa, au anakimbia kurudi nyuma kupita mbele ya bunduki. Hakuna anayejua atachagua lipi, hata yeye mwenyewe.

Mpigaji aliyefumba jicho la kushoto hamwoni.

Anaona duara la kioo na nyati ndani yake. Upande wote wa kushoto umefutwa, na ndiko alikokuwa mtu. Kwa hiyo hata yule mwenye macho ya bahati, hata mwenye darubini ya mara 4 anayejua kuitumia, jicho lake la kushoto kwanza ni la traka, la kulenga baadaye. Fundisho likianzia hapa, vijana hawasahau. Nimewaona wakilipokea kwa uzito ambao video za wanajeshi haziwapi.

Kuna wapigaji wa mkono wa kulia ambao jicho lao tawala ni la kushoto. Wajipime: nyosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kichuguu cha mbali ndani yake kwa macho mawili, kisha fumba moja baada ya jingine. Jicho linalobaki na kichuguu ndilo tawala. Wenye la kushoto wataona nukta inafifia au inapotea ikipambana na picha ya jicho lenye nguvu. Mwanga wa nukta ukiongezwa kidogo husaidia. Kipande kidogo cha selotepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, mahali pale tu ambapo jicho linapita wakati wa kulenga, husaidia zaidi na hakifuti upande wa traka. Ambao bado wapya kabisa, wafundishwe kupiga kwa bega la kushoto tangu mwanzo.

## Mkono, mwanga, ukungu

Mazoezi makavu ndiyo yanayojenga. Bunduki tupu, imekaguliwa na watu wawili, risasi ziko kwenye gari. Tazama fundo la mti mita 10 mbele. Usiondoe macho hapo. Inua bunduki ije machoni, kichwa kisiifuate. Nukta itue kwenye fundo yenyewe. Ukiona mwezi mweusi ukingoni mwa darubini, jicho haliko katikati: kitako ni kirefu, au darubini imefungwa mbele au nyuma mno. Fumba macho, inua, fumbua. Kama mwezi upo kila mara, usimlaumu mtu, sogeza darubini. Koti zito la baridi ya Julai linaongeza urefu wa kitako, kwa hiyo fanya zoezi ukiwa umevaa nguo utakazokwenda nazo. Risasi za moto zibaki kwenye uwanja ulioidhinishwa, chini ya msimamizi.

Mwanga wa nukta urekebishwe kwa kile unacholenga, si kwa mahali uliposimama. Saa sita, nyasi kavu za Pawaga ni nyeupe na zinaimeza nukta hafifu. Alfajiri nukta hiyohiyo inavimba na kufunika kichwa kizima cha nguruwe. Darubini zinazokusanya mwanga kwa nyuzi za mwanga (fiber optic) zina ugumu wake: ukiwa kivulini unalenga juani, nukta inafifia wakati unaihitaji sana. Zenye betri nyingi zinatumia CR2032, na inapatikana Mbeya na Iringa mjini lakini usitegemee kuipata Rungwa. Beba ya akiba.

Kisha kuna ukungu wa Mufindi na Kitulo. Ukitua kwenye lenzi ya mbele yenye baridi, kioo kimekuwa cheupe. Mwenye jicho moja amekwisha. Mwenye macho mawili wazi na nukta inayowaka bado anaona mnyama na bado ana alama, ila kuanzia sekunde hiyo yuko katika hali ya kijana wa Idodi, kifuniko kimefungwa, na mkengeuko wake umerudi wote. Akiijua namba yake, mita 10 anaweza kulenga sentimita 12 upande wa pili na akapata. Kwa mita 25 asijaribu, afute kioo.

Namba hiyo iandikwe kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha lenzi, upande na kiasi kwa kila mita, pamoja na jina la mtu, maana bunduki za kikosi hushikwa na wengi. Ipimwe upya msimu unapofunguliwa Julai, ipimwe upya mtu akipata miwani mipya, na waliovuka miaka 40 waipime mara nyingi zaidi. Kijana wa Idodi yake ni kushoto, 1.2.